Jinsi ya kutengeneza zana huria ya utafiti ambayo mtu usiyemjua ataiendesha na kupata majibu yaleyale

Ukitaka kujua kama kodi yako ya utafiti (yale maelekezo uliyoiandikia kompyuta) inastahili kuitwa zana, mpe mtu ambaye hajawahi kukaa na wewe, usimwelekeze chochote, mwache na yale maandishi uliyoweka kwenye repo (folda ya mradi iliyo mtandaoni) afu subiri akwambie amepata namba gani. Akipata ileile uliyoandika kwenye makala yako basi una zana. Akianza kukutumia meseji za "hii faili ya data iko wapi" na "kwangu inagoma hata kuingia", ujue ulichonacho bado ni skripti (programu fupi) yako binafsi ila imewekwa hadharani, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Mwongozo huu ni kwa mtafiti au mwanafunzi ambaye ana skripti zake zinafanya kazi vizuri kwenye laptopu yake na anataka wengine wazitumie, wazikague, na ikiwezekana wamsaidie kuzitunza. Nitakaa sana kwenye mambo mawili, yaani nini hasa kinavunja matokeo yakihamia mashine nyingine, na namna ya kuishi na watu wanaokuja. Hayo mengine tutayapita haraka.

Kwanza tuelewane tatizo lenyewe

Mwaka 2016 jarida la Nature liliuliza watafiti 1,576, na zaidi ya 70% wakasema wamewahi kujaribu kurudia jaribio la mwenzao wakashindwa, na zaidi ya nusu walishindwa kurudia hata la kwao wenyewe. Watu wakisikia hivyo wanakimbilia kusema wanasayansi ni waongo, lakini ukikaa na kodi za watafiti utaona sehemu kubwa ni uzembe mdogomdogo tu ambao hakuna aliyeuona. Kuna timu ilikusanya notibuku za Jupyter (mafaili yanayobeba kodi pamoja na matokeo yake) zaidi ya milioni moja kutoka GitHub, tovuti ya kuweka kodi, wakatoa matokeo yao 2019, na katika zile walizoweza kujaribu kuziendesha upya ni kama 24% tu zilifika mwisho bila kosa, na kama 4% ndo zilitoa matokeo yaleyale yaliyokuwa yamehifadhiwa ndani yake. Asilimia nne! Na hizo ni kodi ambazo tayari ziko wazi, kwa hiyo kuweka kodi wazi peke yake hakutoshi.

Lengo la kushika liliwekwa zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Jon Claerbout, mtaalamu wa jiofizikia pale Stanford, alitaka wanafunzi wake wahakikishe kila mchoro kwenye ripoti unaweza kujengwa upya kwa amri moja kwenye kompyuta. Amri moja, sio maelezo ya kurasa tatu ya "fungua hii, bonyeza pale, afu kopi hii namba upeleke kule". Mimi mpaka leo sijaona kipimo kizuri kuliko hicho.

Kabla hujaandika hata mstari mmoja

Tafuta kama kitu hicho kipo. Kama unatumia lugha ya R angalia CRAN na Bioconductor, kama ni Python angalia PyPI na conda-forge, hayo ni maghala ya programu za wengine, na soma zile zilizopo kweli, sio kusoma jina tu na kusema hii sio yenyewe. Mara nyingi utakuta kuna zana inafanya 80% ya unachotaka na mwenye nayo anatafuta msaada, na hapo kuongeza hiyo 20% kwake ni bora mara kumi kuliko kuanzisha yako ambayo utaitunza peke yako. Najua haina raha kama kuanzisha kitu chako na kukipa jina zuri, ila zana nyingi zinazokufa zinakufa kwa sababu hakuna aliyezihitaji.

Kama kweli haipo, basi chukua kazi moja ambayo wewe na wenzako wawili watatu mnairudia kila mara, labda kusafisha data za kifaa fulani au kupiga hesabu fulani ambayo kila mtu anaiandika upya kivyake, na zana yako ifanye hiyo tu. Usianze na jukwaa kubwa la kufanya kila kitu, utachoka kabla halijafika popote.

Vitu vinavyovunja matokeo

Hapa ndo penyewe, soma taratibu.

La kwanza ni njia za mafaili. Ukiwa na mstari unaosema faili iko kwenye folda yenye jina lako ndani ya diski yako, hakuna mtu mwingine duniani mwenye folda hiyo. Kila njia ianzie kwenye folda ya mradi, basi. Hii ni rahisi na ndo inayoangusha watu wengi kuliko zote.

La pili watu wengi hawalijui, mpangilio wa mafaili. Mwaka 2019 watafiti wa chuo kikuu cha Hawaii walionyesha kwamba skripti za Python zilizokuwa zinatumiwa na wanakemia kukokotoa thamani za NMR (njia ya kuchunguza muundo wa molekuli kwa sumaku), ambazo zilichapishwa tangu 2014, zinatoa majibu tofauti kwenye mifumo tofauti ya kompyuta, data zilezile, kodi ileile. Sababu? Kodi iliomba orodha ya mafaili kwa kutumia glob (amri ya kutafuta mafaili) na ikachukulia kwamba yatakuja yamepangwa, kumbe Python haikuahidi hivyo popote, inakupa vile mfumo wa kompyuta ulivyotoa, na kila mfumo una utaratibu wake. Tiba yake ni neno moja, sorted, amri ya kupanga. Fikiria sasa ni makala ngapi zimepita katikati hapo. Kwa hiyo popote unaposoma folda yenye mafaili mengi panga mwenyewe, usiamini mpangilio unaouona kwenye mashine yako.

La tatu ni namba nasibu. Wengi wanajua kwamba lazima uweke mbegu (namba ya kuanzia) ili namba zitoke zilezile, sawa, lakini mbegu peke yake haitoshi. R ilipotoka toleo la 3.6.0 mwaka 2019 walibadilisha namna amri ya sample inavyochagua kwa sababu ile njia ya zamani ilikuwa na upendeleo kidogo, kwa hiyo mbegu ileile kwenye R ya zamani na R mpya inatoa sampuli tofauti. Andika mbegu, andika na toleo.

Hilo linatupeleka kwenye la nne, mipangilio ya awali inayobadilika chini ya miguu yako. R tena, 4.0.0 mwaka 2020, ukisoma jedwali la data maneno yakaacha kugeuzwa kuwa factor (data ya makundi) yenyewe kama ilivyokuwa miaka yote. Uamuzi mzuri sana, watu walikuwa wanaulilia, lakini skripti nyingi zilizokuwa zinategemea tabia ya zamani zikaanza kugoma, na mbaya zaidi zingine hazikugoma, zikaendelea kimyakimya na kitu tofauti. Kosa linalopiga kelele ni rafiki yako, linalonyamaza ndo adui. Kama kuna mpangilio ambao matokeo yako yanautegemea, utaje wazi kwenye kodi hata kama leo ndo wa kawaida.

La tano ni Excel, na sisemi watu waache kuitumia maana hawataacha. Ila jua kwamba inabadilisha data bila kukuuliza. Jeni zilizokuwa zinaitwa SEPT1 na MARCH1 zilikuwa zinageuka kuwa tarehe za Septemba na Machi, na tatizo likazoeleka mpaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikaamua kubadilisha majina yenyewe, sasa ni SEPTIN1 na MARCHF1. Yaani sayansi ya jenetiki imeipisha programu ya majedwali njiani (baadaye Microsoft wakaweka namna ya kuzima huo ubadilishaji, lakini majina ndo yameshabadilika). Kwa zana yako maana yake ni kwamba data ghafi haiguswi na mkono wa mtu, inakaa kwenye folda yake ya kusomwa tu, na kila usafishaji unafanyika kwa kodi ili uonekane.

Na la mwisho, desimali. Kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 haipati 0.3 kamili, na ukijumlisha namba nyingi kwa mpangilio tofauti jibu linatofautiana kidogo kule mwishoni, na kama unatumia nyuzi nyingi (kazi zinazoendeshwa sambamba) au GPU (chipu ya michoro inayopiga hesabu nyingi kwa pamoja) mpangilio unaweza kubadilika kila ukiendesha. Kwa hiyo usiahidi watu "namba ileile mpaka desimali ya mwisho", ahidi kiwango cha tofauti kinachokubalika na ukiandike.

Kufungia mazingira

Ukishaelewa hayo juu utaona kwanini orodha ya pakeji (programu za wengine ambazo kodi yako inazitegemea) bila namba za matoleo haina faida. Kuandika tu kwamba unahitaji numpy, pakeji ya hesabu ya Python, ni sawa na kusema unahitaji numpy yoyote ya siku yoyote. Kwa Python tengeneza faili la kufungia lenye toleo kamili la kila kitu pamoja na vile vinavyoletwa na vingine, kwa R kuna renv, conda nayo ina njia zake. Weka faili hilo kwenye repo, kila likibadilika liingie kwenye git (programu ya kutunza historia ya mabadiliko) kama kodi nyingine.

Docker, programu ya kufungasha kodi na mazingira yake yote kwenye kontena, watu wanaisifu sana na kweli inasaidia, lakini kontena peke yake ni sanduku limefungwa, linaendesha ila halikuelezi kitu, kwa hiyo weka na Dockerfile yake, yaani faili la maelekezo ya kulijenga, na kwenye mstari wa kwanza usiandike latest maana latest ya leo sio ya mwaka kesho, taja toleo kamili. Kama hatua zako ni nyingi na zinategemeana tumia Make au Snakemake au Nextflow, programu za kuendesha hatua kwa mpangilio, ili ile ahadi ya amri moja iwezekane. Kwa mradi mdogo Make inatosha kabisa, usione aibu kutumia kitu cha miaka ya 1970.

Majaribio

Programu ya kawaida unaijaribu kama inafanya kazi, zana ya utafiti unaijaribu kama inasema kweli. Tengeneza data bandia ambayo jibu lake unalijua kwa sababu wewe ndo umelipanga, mfano weka mstari wenye mteremko wa 2.5 afu ongeza kelele kidogo (makosa madogo ya nasibu), na zana yako irudishe kitu karibu na 2.5. Ikishindwa hapo hakuna haja ya kwenda kwenye data halisi. Afu chukua mfano mmoja kutoka kitabu au makala inayoaminika katika fani yako wenye jibu linalojulikana, nao uwe jaribio.

Majaribio yaendeshwe yenyewe kila kodi inapobadilika, kwenye Linux, macOS na Windows zote tatu, GitHub na GitLab zote zina huduma hiyo. Ile shida ya mpangilio wa mafaili ingeonekana siku ya kwanza kama mtu angefanya hivi. Na kila mtu akileta bagi (kosa la kwenye kodi), kabla hujairekebisha andika jaribio linaloionyesha, ndipo urekebishe. Hapo hairudi tena.

Leseni na kuhifadhi, haraka haraka

Kodi iliyowekwa hadharani bila leseni sio huria, kisheria mtu haruhusiwi kuitumia wala kuibadilisha hata kama inaonekana. Weka faili la LICENSE, chagua iliyozoeleka kama MIT, BSD, Apache 2.0, au GPL kama unataka watakaoisambaza ikiwa imebadilishwa nao waache wazi, na usijitungie ya kwako. Data na maandishi vina leseni zake, CC0 au CC BY, hata Creative Commons wenyewe wanashauri leseni zao zisitumike kwa programu. Na kabla ya yote muulize mwajiri wako au chuo kodi ni ya nani.

Kingine, GitHub sio hifadhi ya kudumu, ukifuta repo imefutika. Kila toleo linalotumika kwenye makala lipeleke Zenodo, hifadhi ya mtandaoni inayoendeshwa na CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, tangu 2013, utapata DOI (namba ya utambulisho ya kudumu) ya toleo hilo hasa na mtu akisoma makala baada ya miaka anapata kodi ileile. Pia kuna Software Heritage, iliyoanzishwa na Inria, taasisi ya kompyuta ya Ufaransa, 2016, wao wanahifadhi kodi za dunia nzima. Weka na faili la CITATION.cff ili watu wajue namna ya kukunukuu, na zana ikikomaa ipeleke JOSS, jarida ambalo wakaguzi wanaangalia programu yenyewe na ukaguzi wote unafanyika hadharani. Komenti za wakaguzi wale peke yake zinastahili ile kazi yote ya kupeleka.

Sasa watu

Jamii ya mradi haiji kwa kutangaza. Inaanza na mtu mmoja aliyejaribu zana yako ikamgomea, na badala ya kuondoka akakuandikia. Huyo ni wa thamani sana, maana wengi zaidi iliwagomea na wakaondoka kimya, kwa hiyo namna unavyomjibu huyo mmoja ndo inaamua kama utakuwa na jamii au la. Mjibu mapema hata kama huna suluhisho, sema tu nimeiona nitaiangalia wiki ijayo. Kama ameandika "haifanyi kazi" bila maelezo usimkaripie, muombe toleo, mfumo anaotumia, na ujumbe wa kosa wote kama ulivyo, afu weka fomu kwenye repo inayouliza hayo ili usirudie kuuliza. Na ukishamsaidia, jiulize ni sentensi gani kwenye README (faili la maelezo la kwanza kwenye repo) ingemzuia asikwame, uiongeze siku hiyohiyo. Swali moja likiulizwa na watu wawili, tatizo liko kwenye maelezo yako.

README yenyewe isiwe hotuba. Zana inafanya nini kwa sentensi mbili, inawekwaje, mfano mmoja mfupi wenye data ndogo iliyomo humohumo ndani na matokeo yanayotarajiwa, hasa hayo matokeo, maana bila hayo mtu anaendesha afu hajui kama amepata sawa. Na sema wazi zana haifai kwa nini. Watafiti wanaamini zaidi zana inayotaja mipaka yake.

Maamuzi yafanyike hadharani. Hiki ni kitu ambacho miradi mingi inakosea bila kujua, watu watatu wanakubaliana kwenye grupu la WhatsApp, kesho kodi imebadilika na mgeni hajui kwanini, na mwaka kesho hata wao hawakumbuki. Mkiongea pembeni sawa, ila mmoja arudi aandike kwenye ishu (mjadala wa wazi kwenye repo) mmeamua nini na kwa sababu gani. Hii inasaidia jamii na inasaidia sayansi pia, kwa sababu uamuzi wa kutumia njia hii ya hesabu na sio ile ni sehemu ya utafiti.

Wape wageni kazi za kuanzia ambazo ni ndogo kweli, zenye lebo, na ueleze faili gani la kugusa. Mabadiliko yao ya kwanza yakaguliwe kwa upole lakini yakaguliwe, usipitishe kitu kibovu kwa ajili ya adabu. Kuna siku utatakiwa kukataa mchango mzuri kwa sababu unapeleka zana kusikotakiwa, kataa mapema na ueleze, kumwacha mtu anasubiri miezi mitatu ni vibaya zaidi. Sifa zisiende kwa wanaoandika kodi tu, aliyeripoti bagi, aliyerekebisha maelezo, aliyetoa data ya majaribio, wote majina yao yaonekane, na kwenye utafiti hilo sio pambo maana watu wanapandishwa vyeo kwa kunukuliwa. Kanuni za maadili weka pia, Contributor Covenant ya 2014 inatumiwa na wengi, ila isiwe faili la kuiga tu, iwe na mtu halisi wa kupelekewa malalamiko, na ikiwezekana wawe wawili ili mtu aweze kumlalamikia mmoja wao.

Njia nzuri kuliko zote ya kupata watu ni kufundisha. Software Carpentry, iliyoanzishwa na Greg Wilson na Brent Gorda 1998, imefundisha watafiti wengi sana na masomo yake yako wazi uige. Ukifanya warsha ya zana yako, sehemu ya muhimu ni ile nusu saa ya kwanza watu wanapoweka programu, wewe nyamaza uangalie wanakwama wapi, usiwashikie kibodi. Unachokiona pale hakuna fomu ya maoni itakayokwambia.

Kubadilisha na kukabidhi

Kwenye programu za kawaida badiliko kubwa ni lile linalovunja kodi ya mtumiaji. Kwetu badiliko kubwa kuliko yote ni lile linalobadilisha namba, hata kama hakuna kilichovunjika na hata kama umerekebisha bagi. Likitokea liandike juu kabisa kwenye faili la mabadiliko, eleza zamani ilikuwa inatoa nini, sasa inatoa nini, na nani anaathirika, na kama kosa la zamani linaweza kuwa limeingia kwenye makala za watu watafute uwaambie. Ni aibu kidogo ndio. Jina la fankisheni likibadilika toa onyo kwanza kwa toleo zima, likae, ndipo uondoe.

Hakikisha watu wawili angalau wana ruhusa ya kutoa toleo jipya na kuingia kwenye akaunti zote, pamoja na ile ya pakeji na ile ya Zenodo, usisubiri uwe umehitimu au umebadilisha kazi ndo uanze kutafuta nywila. Na kama hakuna wa kumwachia, ifunge vizuri, toa toleo la mwisho lenye mazingira yaliyofungiwa, lipatie DOI, andika juu ya README kwamba mradi hautunzwi tena, mara ya mwisho ulijaribiwa kwenye matoleo gani, na zana gani nyingine mtu ahamie, afu iweke repo kwenye hali ya kusomwa tu.